Mulango mu katikati ya barabara: minibisi za Japani zenye kubadilishwa ku Lubumbashi

Minibisi mingi zenye kubeba watu kati ya Ruashi na katikati ya muji hazikutengenezwa kwa barabara za Kongo. Ni Toyota HiAce zenye zilitumika kwanza Japani. Kule magari yanapita upande wa kushoto, volani iko kuume, na mulango wa kusukuma uko kushoto, pembeni ya njia. Ku Kongo magari yanapita kuume. Gari ileile, kama haikubadilishwa, inafungua mulango paka mu katikati ya barabara. Mama mwenye mutoto mu mugongo anashukia mbele ya makamio.

Juu ya nini watu wanaendelea kuzinunua? Sababu ni bei na njia. Gari inashuka ku bandari ya Dar es Salaam, inapita Tunduma, inakatiza Zambia, inaingilia Kasumbalesa, kilomita karibu 90 na Lubumbashi. Tanzania na Zambia nao wanapita kushoto kama Japani, kwa hiyo na vipuri vya magari hayo viko karibu. Minibisi yenye volani ya kushoto ni haba mu soko hii, na bei yake inapanda.

Hapo njo kazi ya magaraji inaanza. Mu Ulaya na Japani, wengine wananunua HiAce ya mizigo, wanaweka kitanda na jiko kidogo, wanaenda kutembea. Ku Lubumbashi gari hiyohiyo inawekwa viti, inakatwa madirisha, inakuwa taksi. Kisha kunabakia kazi mbili ngumu: kuhamisha volani na kufungua mulango upande wa kuume.

Kuhamisha volani vizuri kunaomba kifaa cha chini chenye kilitengenezwa kwa gari ya kushoto, pamoja na pedali na tableau yake. Njia ya mukato ni kugeuza kifaa cha zamani na kuunga chuma kwa moto. Kwa macho, kazi zote mbili zinafanana. Lakini chuma chenye kuungwa vibaya kinaweza kukatika wakati shofere anakwepa shimo, na gari imejaa. Mulango nao: ukikata ubavu wa gari bila kuweka chuma kingine cha kushika, paa inabakia bila nguvu siku gari inapinduka.

Serikali ya Kinshasa imekataza zaidi ya mara moja kuingiza magari ya volani ya kuume. Sababu yake inaeleweka: shofere mwenye kukaa kuume haoni vizuri akitaka kupita kamio ya mbele. Lakini katazo linaangalia volani iko upande gani. Haliangalii nani aliihamisha, na kwa chuma gani. Mwenye gari, mwenye kungojea makuta ya kila siku kwa shofere, anachagua garaji ya bei chini. Hivi gari inaweza kuwa sawa mbele ya sheria, na hatari zaidi mu barabara.

Afrika ya Kusini wameshaona matatizo hayo. Kule HiAce inaitwa Quantum. Mu miaka ya 2000, Quantum mingi za mizigo ziligeuzwa taksi kinyume cha sheria, na benki zikatoa mikopo ya kuzinunua. Bati la chini halikutengenezwa kwa kushika viti na mikanda. Wenye taksi walibakia na madeni, abiria na hatari.

Kukataza peke yake hakutoshi, basi. Kontrole teknike ingepaswa kulala chini ya gari na kuangalia volani, viti na mulango, kisha kuandika jina la garaji yenye ilifanya kazi. Fundi mwenye jina lake mu karatasi ataogopa njia ya mukato.

Abiria naye ako na la kufanya. Kabla ya kupanda, aangalie mulango unafungukia wapi, na atikise kiti. Kama kinacheza, angojee ingine.