Wafanya Kazi Gani?

Juma hili twataka kusema juu ya elimu ambayo wazazi wengi hawajaisikia: elimu ya kulinda afya ya watu mahali pa kazi.

Katika mji wa Modena, nchi ya Italia, aliishi mganga aitwaye Bernardino Ramazzini. Siku moja alimwona mtu akisafisha shimo la choo nyumbani mwake kwa haraka kubwa. Akamwonea huruma, akamwuliza sababu, akajua ya kuwa kukawia shimoni humle kwaharibu macho. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akiwasihi waganga wamwulize kila mgonjwa afanya kazi gani.

Mwaka 1910 mganga wa Marekani, Alice Hamilton, alianza kuchungua viwanda vya Illinois vilivyotumia madini ya risasi. Hakungoja wagonjwa waje kwake. Aliwafuata penye sumu yenyewe.

Habari hii yatuhusu sisi watu wa Katanga, tuishio kwa migodi. Mawe mengi yana silika. Chembe zake zilizo ndogo sana hazionekani kwa jicho; huingia mpaka ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosi, hauna dawa ya kuuponya, nao hukifungulia mlango kifua kikuu. Basi asemaye, "Sioni vumbi, hakuna hatari," ajidanganya.

Mtaalamu wa elimu hii ana kazi tatu: kutambua hatari, kuipima kwa vyombo, na kuizuia. Kwanza hutafuta kuiondoa kabisa. Isipowezekana, huagiza mwamba umwagiwe maji unapotobolewa, na hewa chafu ivutwe nje. Kinyago huja mwisho, kwani kisipokaa vema usoni chapitisha vumbi.

Ninyi akina baba, msimpakate mtoto mkiwa na nguo za mgodini. Nanyi wanafunzi mpendao kemia na hesabu, mwatamani kuwa waganga. Je, hamtaki kumzuia mtu asiugue? Katika barua yake *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, Papa Leo XIII alitetea heshima ya mfanyakazi. Heshima hiyo yahitaji pia watu wajuao kupima vumbi.

Mungu alimwambia Adamu atafute mkate kwa jasho la uso wake. Hakumwambia autafute kwa mapafu yake.