Cha uvunguni sharti tuiname: silambloki za gari



Vikundi vyetu vingi vimeingia katika kazi ya gari. Wengine wamenunua moja kwa feza ya likelemba, wakampa shofere afanye taksi. Wengine wanakodi siku ya soko kwa kubeba viazi na mboga. Wengine watoto wao wanapanda gari kwenda masomo. Kwa hiyo inatupasa tujue kwa nini gari inalia ko! ko! ko! Kelele hiyo inakula feza ya minerval, na siku ingine inaweza kuleta ajali.

Mara nyingi kinacholia ni silambloki, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita bushi. Ni mpira uliobanwa kati ya bomba mbili fupi za chuma, moja ndani ya nyingine. Inakaa pale mikono ya chuma inayoshika magurudumu inapoungana na mwili wa gari. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira unajipinda na kurudi, na chuma hakigongani na chuma. Tuangalie chukudu: magurudumu yake ni ya mti, lakini yamevikwa mpira wa tairi kuukuu. Ukiutoa mpira ule, utaisikia toka mbali. Na gari ni vilevile.

Hapa kwetu mpira huo unateseka. Jina la kartye yetu linasema lenyewe: kwa Lingala, mabanga ni mawe. Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji mwezi wa kwanza 2002, ikarudi mwezi wa tano 2021 hadi ukingoni mwa mji, na njia zetu nyingi zinapita juu ya mawe yake. Tuongeze mizigo ya kupita kiasi na mafuta ya injini yanayodondokea mpira na kuulegeza, tutaelewa kwa nini silambloki zinakufa mapema.

Dalili ni hizi:
– Gari inagonga chini ikipita shimoni, au shofere akikanyaga freni.
– Akifunga freni, gari inavuta upande mmoja. Katika mteremko wenye watu, hiyo ni hatari kubwa.
– Usukani unatangatanga. Shofere anausahihisha kila mara.
– Tairi inaisha upande mmoja, wa ndani au wa nje, na upande mwingine ungali mzuri.

Dalili hii ya mwisho ndiyo inadanganya vikundi. Shofere anaomba feza ya tairi, tunatoa. Kisha muda mfupi anaomba tena. Tunamzania ni mwizi, kumbe hasemi uongo. Tairi mpya ikiwekwa juu ya silambloki mbovu, itaisha kama ile ya kwanza.

Tusichanganye pia na amortisa. Sukuma kona ya gari chini kwa nguvu, uachilie. Ikiendelea kurukaruka, tafuta kwa amortisa. Ikitulia mara moja lakini bado inagonga njiani, mwambie fundi aangalie silambloki. Aingize chuma kirefu na kusukuma kidogo: mpira uliopasuka, uliobanduka kwenye chuma, au bomba ya ndani iliyohama katikati, hiyo inabadilishwa. Rotuli pia zinaweza kugonga, basi azipime siku ileile.

Siku ya kazi, mtu wa kikundi awepo garajini na aseme mambo matano:

Kwanza, zibadilishwe pande zote mbili, kushoto na kuume.

Pili, ya zamani isitolewe kwa kuchoma moto. Moshi wa mpira ni sumu, na watoto wa kiwanja wanauvuta. Kuna presi ya kuisukuma nje. Kama mkono wenyewe umeliwa na kutu, tuulize bei ya mkono mzima wenye silambloki zake.

Tatu, asikate kipande cha tairi na kukipachika. Hakikushikamana na chuma, hakitadumu.

Nne, bulon zikazwe mara ya mwisho wakati gari imesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unabaki umejipinda kila saa, na utapasuka upesi. Mafundi wenye haraka wanaruka hatua hii.

Tano, baadaye apime paralelismu, yaani magurudumu yaangalie njia moja. Na atupe silambloki za zamani mkononi, tuzione.

Neno moja kwa wenye vijana wanaojifunza ufundi. Wasilale chini ya gari iliyobebwa na kriki peke yake, wala iliyowekwa juu ya mawe. Jiwe la volkano lina matundu ndani. Linaweza kuvunjika ghafula. Jiwe ni la kuzuia gurudumu lisiviringike. Uzito wa gari ubebwe na vikalio vya chuma.

Hakuna aibu mama kuuliza maswali garajini, maana feza ni yake na watoto ni wake. Basi kabla ya mkutano ujao, kila kikundi chenye gari kiinamishe mtu mmoja akaangalie tairi nne, ndani na nje, halafu alete habari. Tutazungumza pamoja kabla ya kutoa feza yoyote.