Mwendo wa Pole, Jicho la Pupa

Wako wasafiri wajisifuo kwa mwendo wa pole, kana kwamba upole wa gurudumu ni elimu. Husema kuwa aendaye mbio haoni kitu, na aendaye taratibu huona yote. Nusu ya kwanza ya usemi huo ni kweli. Nusu ya pili ni udanganyifu, na milima ya Nilgiri, kusini mwa Bara Hindi, ni shahidi.

Reli ya huko, iliyofika Udagamandalam mwaka wa 1908, ina urefu wa kilomita 46 tu. Hata hivyo, garimoshi hutumia karibu saa tano kupanda kutoka Mettupalayam, likishika reli yenye meno mahali penye mwinuko mkali. Abiria hupata nafasi ya kuitazama nchi ya kahawa na chai hata ashibe. Kisha husimulia nini? Husimulia kuwa ameona zulia la kijani. Saa tano, na mavuno yake ni zulia!

Zulia hilo lina watu. Katika karne ya 19 Watamili wengi walichukuliwa kwenda Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Kutu ya majani, iliyozuka huko mwaka wa 1869, ilipoangamiza mibuni, mikono ile ile ilihamishiwa kwenye chai. Mwaka wa 1948 sheria ya uraia iliwaacha wengi wao bila nchi. Mwaka wa 1964 serikali mbili zilipatana kuwagawana: watu 525,000 kwa India, 300,000 kwa Ceylon, na 150,000 wakaachwa wangojee. Mwaka wa 1968 serikali ya jimbo ilianza kupanda chai Nilgiri ili waliorudishwa wapate kazi. Mama achumaye majani mawili na chipukizi huko huenda akawa mjukuu wa safari hiyo. Wazee wake hawakusafiri, walisafirishwa.

Watetezi wa mwendo wa pole watajibu kuwa msafiri amelipa nauli apumzike. Na apumzike, hapana amkatazaye. Lakini asiuite usingizi wake maarifa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni apitaye taratibu pasipo kumjua mwenyeji humponya nani? Saa tano zatosha kuuliza ni nani aliyepanda, ni nani achumaye, na ujira wake ni kiasi gani. Asiye na maswali hayo na apande motokaa: atafika mapema, na ujinga wake ule ule.