Huyo Mtoto Si Mlafi, Anajifunza Kazi

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo nataka kuwatetea watoto wanaopenda kula.

Kwetu mtoto akizunguka karibu na sufuria, anafukuzwa. Akiuliza leo kuna mboga gani, anaitwa mlafi. Akiwa mvulana ni mbaya zaidi, eti anataka kuwa mwanamke. Na huku ukimbizini, mahali chakula kinahesabiwa kwa kichwa, aibu imeongezeka. Mtoto anajua mapema kwamba kupenda chakula ni kosa.

Mimi naona tofauti. Upishi unaanzia kwenye ulimi, si kwenye mkono. Mtoto anayeonja sombe na kusema "leo mawese ni kidogo" tayari ameanza kazi. Kwanza anapenda kula. Halafu anataka kujua kwa nini maharage ya mama huyu ni matamu kuliko ya yule. Halafu anaomba apewe mwiko. Ukimfukuza pale mwanzo, huko kwenye mwiko hatafika.

Tena angalia mahali tunapoishi. Hapa Nakivale kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Mtoto anayecheza nyumba nne kwa siku anaonja majiko manne: fufu na ndagala hapa, maharage ya mawese pale, kwa Wasomali anjera na chai ya maziwa, kwa Waethiopia injera ya unga uliochachuka siku kadhaa. Watu wa mjini wanalipa pesa ili waonje vyote hivyo. Mtoto wetu anavipata bure, na hakuna anayemwambia kwamba hiyo ni elimu.

Nasema elimu kwa sababu chakula chetu kina siri ambazo ukikosea, unaumia. Majani ya muhogo yana sumu. Ndiyo maana mama anayatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu, si kwa ajili ya ladha tu. Muhogo mchungu nao unalowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Kule Kongo kuna ugonjwa unaitwa konzo, ambao unapoozesha miguu ghafla, na wanaoupata zaidi ni watoto na akina mama. Unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa au vita, wakati kila mtu ana haraka. Sasa kama vijana wa leo hawakukaa jikoni na wazee, nani atakumbuka siku za kuloweka ni ngapi?

Wengine watasema, wewe unaongea utamu, sisi tunaongea shibe. Mwenye njaa hachagui. Naelewa. Mwezi wa 4 mwaka 2020 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na baada ya hapo mambo hayakuwa rahisi. Lakini mwenye kidogo ndiye anahitaji ujuzi zaidi. Anayejua kupika analoweka maharage usiku, yanaiva haraka, makaa yanabaki kwa kesho. Asiyejua anachoma makaa ya siku mbili na maharage bado magumu. Na hata neno lenyewe linatufundisha: posho kwa Kiswahili ni chakula cha mgao, lakini hapa Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe. Mgao ukigeuka jina la chakula, ujue watu wamezoea kupokea. Anayependa kupika anapokea unga uleule, lakini anaamua yeye utakuwa nini.

Kwa wenzetu wa mashirika nina maombi matatu. La kwanza, kwenye mafunzo ya kazi tunaona ushonaji, saluni na kompyuta. Wekeni na upishi, na msiuandike kama mafunzo ya wasichana. La pili, walimu wapo tayari: ni mama zetu. Mlipeni mama anayejua sombe kama mnavyomlipa mwalimu anayetoka mjini. La tatu, cheti peke yake hakichemshi maji. Kijana akimaliza, apate sufuria kubwa, jiko linalotumia makaa kidogo, na mtaji wa gunia la kwanza. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Anayeanza na mandazi asubuhi barabarani anaweza kufika kwenye hoteli yake ya chakula, lakini si kwa mikono mitupu.

Na kwenu vijana, hasa wavulana: acheni kuona haya. Harusi zikifika, mnasifu mpishi aliyelisha watu mia mbili. Nyumbani mnamcheka kaka anayemenya viazi. Huo ni unafiki. Sisemi mtoto aache shule akae motoni. Nasema akitoka shule na akakaribia sufuria, msimfukuze. Mpeni aonje, mumuulize kimepungua nini. Akijibu vizuri, mpeni mwiko.