Mcheza Kwao Hutunzwa?

Juzi barazani nilikuta vijana wakibishana juu ya wachezaji wa Ulaya, mpaka bei zao wanazijua. Nikawauliza: Benson Masya ni nani? Kimya. Kahawa ikapoa vikombeni.

Basi, ndugu msomaji, nakukumbusha. Masya alizaliwa Kitui mwaka 1970. Alianza na ndondi, kisha akaacha glavu akashika mbio. Mwaka 1992 mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalipofanywa kwa mara ya kwanza, huko Newcastle, Uingereza, bingwa alikuwa yeye, kwa saa 1 na sekunde 24. Mbio za Great North Run alizishinda mara nne: 1991, 1992, 1994 na 1996. Marathoni ya Honolulu aliishinda mara tatu.

Ajabu yake, mtoto huyu wa bara kavu, ambako maji huchimbwa katika mchanga wa mto, utepe aliukata karibu na bahari: South Shields huko, Honolulu kule. Sisi wa pwani tungemjua kwanza.

Alifariki Septemba 2003, umri wake miaka 33. Mola ndiye mwenye kupanga.

Rai yangu ni hii: waliokimbia naye, Kitui hadi Makueni, wangaliko. Waulizwe, habari ziandikwe, watoto wasomeshwe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Masya alicheza ugenini akatunzwa. Kwao je?