Kurudi Duniani ni Kazi Kuliko Kupanda

Tuonapo roketi ikiruka kwa moto na kishindo, hudhani kwamba hatari yote imo katika kupanda. Ama kushuka, twakuona ni jambo jepesi, mfano wa embe liangukalo kutoka mtini. Sivyo hata kidogo.

Chombo kinachoizunguka dunia katika kimo cha kilometa 400 huenda mbio zipatazo kilometa 28,000 kwa saa, na mbio hizo ndizo zinazokizuia kisianguke. Kikitaka kurudi, hakina budi kuziacha zote. Huwasha injini kwa dakika chache tu, kikapunguza mwendo kidogo, kikashuka hata kukutana na hewa. Kazi iliyobaki hufanywa na hewa yenyewe. Hewa hiyo hubanwa ghafla mbele ya chombo, na ngao yake ikapata joto la kupita nyuzi 1,500 za sentigredi.

Askari aliyezoea kuendesha lori atauliza: kwa nini wasipunguze mwendo kwa injini peke yake, kama sisi tukanyagavyo breki mlimani? Ni kwa sababu ya mafuta. Mafuta ya kukisimamisha chombo yangepaswa kwanza kupandishwa juu, na kuyapandisha kungehitaji roketi kubwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo watu huitegemea ngao.

Na ngao ikitoboka? Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilipokuwa kikipanda, kipande cha povu gumu kilibanduka katika tangi la mafuta, kikaupiga ukingo wa bawa la kushoto. Baadhi ya mainjinia waliomba bawa lipigwe picha kule juu. Ombi lao halikufuatwa. Nami naona hilo lauma kuliko tundu lenyewe. Tarehe 1 Februari jamaa za wanaanga walikuwa wamekusanyika Florida penye uwanja wa kutua, wakingoja. Zikiwa zimebaki dakika kama 16, chombo kilivunjika juu ya Texas, na wote saba wakafa. Jamaa za askari wanaijua ngoja hiyo.

Ndipo yapendezapo mawazo ya wale watakao kushuka bila moto. Mwaka 1895 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alifikiri juu ya mnara ufikao angani. Mwaka 1960 mwenzake, Yuri Artsutanov, akaugeuza mnara kuwa kamba. Setilaiti iliyo kilometa 36,000 juu ya Ikweta huzunguka sawasawa na dunia, hata ikaonekana imesimama. Iteremshiwe kamba hadi chini, na nyingine ielekee nje ili kusawazisha uzito. Kisha magari yapande na kushuka kwa umeme, taratibu, kama lifti ya ghorofa. Mahali pake hasa ni penye Ikweta, nayo yapita Uganda, Kenya na Kongo.

Lakini kamba ya chuma ingekatika kwa uzito wake yenyewe. Nyuzi nyembamba mno za kaboni zina nguvu ajabu, ila bado hazijasokotwa zikawa kamba ndefu ya namna hiyo. Tena chombo kilichoko kilometa 400 hakiwezi kuidaka kamba hiyo kikateremka nayo, kwani mahali hapo kamba yenyewe ingekwenda kiasi cha kilometa 1,800 tu kwa saa. Na gari liendalo kilometa 200 kwa saa lingeshuka kutoka kwenye setilaiti kwa siku saba na nusu, abiria wakipika na kulala njiani.