Tovuti ni dirisha la huduma, si albamu ya picha

Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu tovuti za ofisi zinazotuhudumia wananchi.

Mwezi uliopita nilihitaji fomu ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Kutoka Pugu Kajiungeni hadi mjini ni nauli na foleni ya Gongo la Mboto, hivyo nilifurahi kuambiwa, "Ingia tu kwenye tovuti, kila kitu kipo." Nikaunga bando la buku.

Kwanza zikaja picha za wakubwa wakikata utepe, moja ikipita nyingine inaingia, zote nzito. Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya weupe, madogo kama ya karatasi ya dawa. Ukurasa nao haukuenea kwenye kioo cha simu, kila mstari niliuvuta kushoto na kulia. Fomu niliikuta baada ya kubonyeza mara saba, imefichwa chini ya "Machapisho": karatasi iliyoskaniwa kiubavu, MB 18, kwa Kiingereza. Bando likakata kabla haijashuka. Namba ya msaada haikupatikana.

Kesho yake nikapanda daladala. Nilipewa fomu hiyo mapokezi kwa dakika mbili. Ni ukurasa mmoja tu!

Mhariri, dawa ya haya inajulikana zamani. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, lilitoa mwongozo wa kurasa zinazofikiwa na kila mtu tangu 1999. Siku hizi mwongozo huo unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake upishane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na picha ziambatane na maelezo ya maneno. Wasioona husomewa ukurasa na programu ya simu. Karatasi iliyoskaniwa bila maandishi ndani yake, kwa programu hiyo, ni ukimya mtupu.

Nawaomba wenye tovuti, kabla ya kuzizindua, wamwite mama ntilie wa nje ya geti lao. Wamwombe atafute fomu kwa simu yake na bando lake, wao wakae kimya wamtazame. Akiipata, wakate utepe. Asipoipata, mkasi usubiri.

Msomaji wako,
Pugu Kajiungeni, Dar es Salaam